5H3: Jina Letu la Hewani

Kila mwaka, mwishoni mwa Oktoba, kuna maelfu ya watu duniani ambao hawalali. Siyo walevi, siyo walinzi wa usiku, wala siyo wagonjwa. Wamekaa mbele ya mitambo ya redio waliyoinunua au kuiunga kwa mikono yao, hedifoni masikioni, kalamu mkononi, wanaita: "CQ, CQ, CQ!" Kwa lugha ya kwetu ni kama kusema hodi: yeyote anayenisikia aitikie. Na ndugu msomaji, utashangaa nikikwambia kwamba mojawapo ya majina wanayoyawinda usiku ule ni jina letu sisi. Hewani hatuitwi Tanzania. Tunaitwa 5H.

Sasa swali langu ni dogo tu, ila linanisumbua. Wanapoita 5H, nani anaitikia?

Mchezo wenyewe ni redio ya ridhaa. Neno ridhaa tunalijua kutoka kwenye ndondi na kandanda: mtu anacheza kwa mapenzi, halipwi. Ndivyo ilivyo hapa. Mwenye redio ya ridhaa harushi muziki wala matangazo ya sabuni. Anaongea na mwenzake, kituo kwa kituo, kwa sauti au kwa nukta na mistari ya Morse, na siku hizi hata kwa kompyuta. Hauzi kitu. Anachotaka ni kujua sauti yake imefika wapi.

MAWIMBI YA MABAKI

Historia ya mchezo huu ni historia ya vijana waliopewa mabaki. Mwaka 1912, baada ya kuzama kwa meli ya Titanic, Marekani ilitunga sheria ya kugawa hewa. Serikali, jeshi na makampuni walichukua mawimbi marefu, ambayo wakati huo ndiyo yaliyosadikiwa kufika mbali. Watu wa ridhaa wakasukumiwa huko chini, meta 200 na kushuka. Wakubwa waliamini mawimbi yale hayana kazi. Kumbe!

Wale vijana wakakaa na mabaki yao wakayachokonoa. Desemba 1921 ishara zao kutoka Marekani zilisikika Scotland. Mwaka 1923 Mfaransa na Mmarekani wakaongea kwa zamu kuvuka bahari ya Atlantiki. Na tarehe 18 Oktoba 1924 likatokea jambo ambalo mimi, mtu niliyeishia sekondari, nalipenda kuliko yote. Kijana wa miaka 18, Cecil Goyder, akiwa kwenye mtambo wa shule ya Mill Hill, London, aliwasiliana na Frank Bell, mfugaji wa kondoo huko New Zealand. London na New Zealand ni pande mbili za dunia. Ukichimba shimo moja kwa moja karibu utatokea huko. Haikuwa wizara iliyofanya hivyo, wala jeshi la wanamaji. Alikuwa mwanafunzi.

Ilikuwaje? Mawimbi mafupi hupanda juu hadi kwenye tabaka la anga liitwalo ionosfia, linalochajiwa na mionzi ya jua, kisha hurudishwa chini kama mpira uliopigwa kwenye dari. Yakigonga ardhi au bahari hupanda tena. Ndiyo maana wati 100, umeme wa balbu ya zamani ya sebuleni, zinaweza kuizunguka dunia. Mwaka 1925 vyama vya ridhaa vya nchi mbalimbali vilikutana Paris na kuunda umoja wao, IARU, ambao upo mpaka leo.

KUTOKA VQ3 HADI 5H3

Turudi nyumbani. Morse ilifika uwanda wa kati kabla ya redio, nayo ilikuja kwa waya. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ikapita Dodoma, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nguzo za simu ya maandishi ziliandamana na reli. Kwa hiyo nukta na mistari vilikuwa vikipita juu ya vichwa vya mababu zetu wakichunga ng'ombe. Lakini waya ule haukuwa wa kuchezea. Ulikuwa mali ya serikali na reli.

Redio nayo ilianza kama mambo ya wakubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, koloni hili lilikuwa na vituo vya redio Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikuja kupiga mizinga Dar es Salaam, na shabaha yao ilikuwa kile kituo cha redio. Yaani siku chache tu baada ya vita kutangazwa, kitu cha kwanza walichotaka kukiziba kilikuwa mdomo. Mpaka hapo utaelewa kwa nini serikali yoyote duniani haimruhusu mtu kurusha mawimbi bila leseni.

Chini ya Waingereza, wenye leseni za ridhaa walipewa majina ya hewani kwa mpangilio maalumu. Zanzibar ilikuwa VQ1, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5. Baada ya herufi na tarakimu hizo, kila mtu aliongezewa herufi zake mwenyewe. Walio wengi kwenye orodha hiyo walikuwa wageni: maofisa, mainjinia, wamisionari. Mwafrika wa wakati ule hata redio ya kusikilizia ilikuwa shida, seuze mtambo wa kurushia.

Ukaja Uhuru. Nchi mpya zikapata herufi mpya kutoka ITU, umoja wa kimataifa unaogawa hewa. Tanganyika ikawa 5H3, Zanzibar 5H1, Kenya 5Z4, Uganda 5X5. Angalia vizuri hizo tarakimu za mwisho. Tatu imebaki tatu, nne imebaki nne, tano imebaki tano, moja imebaki moja. Bendera zilibadilika, wimbo ukabadilika, herufi zikabadilika, lakini tarakimu ya mkoloni ilijikalia kimya mwishoni mwa jina kama mpangaji aliyesahauliwa kuondolewa. Anayetaka kuandika riwaya kuhusu miaka ya sitini, dokezo ndilo hilo, nampa bure.

Kuna na jingine. Wachezaji wa redio wana orodha yao ya "nchi", na orodha hiyo haifuati siasa sana. Muungano ulifanyika mwaka 1964, lakini katika orodha yao Zanzibar iliendelea kuhesabiwa peke yake mpaka mwaka 1974 ilipofutwa. Kwa miaka kumi tulikuwa nchi moja ardhini na nchi mbili hewani. Hata sasa Unguja ina namba yake katika mashindano ya visiwa, AF-032, na kuna watu hufunga safari kutoka Ulaya kwenda huko ili tu wengine waipate namba hiyo.

TULIVYOZOEA KUSIKILIZA

Usije ukadhani watu wa bara hawakuipenda redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baadaye ikaja Radio Tanzania. Mwaka 1973, mwaka uleule Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi viliundwa nchi nzima, vikakusanyika kuizunguka redio, vikasikiliza kipindi, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Inakadiriwa watu wapatao milioni mbili walishiriki. Vile navyo vilikuwa vilabu vya redio, na wazee wetu wengi walipitia humo.

Ila redio ile ilikuwa ya upande mmoja. Dar es Salaam inasema, kijiji kinasikia. Hakuna aliyeweza kubonyeza kitufe akasema, "Dar es Salaam, hapa Mpwapwa, nimekusikia, lakini sisi huku maji hakuna." Redio ya ridhaa ndiyo inayokupa kitufe hicho. Kwayo kusikiliza ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuitikia.

MASHINDANO

Sasa tuingie uwanjani. Mashindano makubwa kuliko yote ni CQ World Wide, yaliyoanzishwa na gazeti la CQ la Marekani mwaka 1948. Ya sauti huwa wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, ya Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Yanachukua saa 48. Kwa saa zetu yanaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, yanamalizika saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Klabu hugawana zamu: wawili hewani, mmoja anaandika daftari, mmoja anachemsha chai, mwingine anakoroma chini ya meza.

Sheria zake ni hivi. Dunia imegawanywa kanda 40. Sisi, pamoja na Kenya, Uganda na majirani wengine wa Afrika Mashariki, tuko kanda ya 37. Ukimpata mtu, mnapeana alama ya usikivu na namba ya kanda, basi. "Tano tisa, thelathini na saba." Ahsante, kwaheri, mwingine! Sekunde kumi zikizidi umechelewa. Ukiongea na bara jingine unapata pointi 3. Ukiongea na nchi nyingine ya Afrika, pointi 1. Ukiongea na Mtanzania mwenzako, sifuri, ingawa nchi yako inahesabika kama nchi uliyoipata.

Tuseme umekaa kwenye bendi moja, umepata vituo 100 vya Ulaya na 10 vya Afrika. Hiyo ni 300 na 10, jumla 310. Hesabu nchi ulizozipata, tuseme 30, na kanda, tuseme 8, jumla 38. Zidisha 310 kwa 38, matokeo ni 11,780. Hapo ndipo utaona kwa nini tunawindwa. Mjerumani akimpata Mjerumani mwenzake wa mia mbili, hajaongeza pointi hata moja. Akimpata 5H mmoja tu, ameongeza pointi 3, nchi mpya, na pengine kanda mpya. Zidisho lake lote linapanda. Kwa hiyo kituo kidogo cha bara, chenye waya mmoja juu ya mti, kikisema "CQ" usiku ule, kinaangukiwa na Ulaya nzima kama nzige. Huku kwetu mtu asiye na cheo wala pesa husubiri foleni. Hewani foleni inamsubiri yeye.

Sasa turudi kwenye swali. Mara nyingi sana aliyeitikia kwa jina la 5H amekuwa mgeni: mtaalamu wa mradi, mmisionari, daktari, au timu iliyokuja wiki mbili na mitambo yake kwenye masanduku, ikafunga antena, ikaongea na maelfu ya watu, ikafungua antena, ikapanda ndege. Mimi siwalaumu. Bila wao jina letu lingekaa kimya. Lakini watu wa uwanda wa kati tunaijua hadithi ya mgeni na mitambo yake. Kongwa, kuanzia mwaka 1947, Waingereza walileta matrekta ya kulima karanga, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa. Lakini ili apone, mwenyeji sharti awepo nyumbani mgeni anapobisha hodi.

WENGINE WAMEFANYAJE

Tusiseme mchezo huu ni wa Wazungu. Tazama Oman, nchi yenye ndugu zetu wengi wanaoongea Kiswahili. Chama chao cha redio ya ridhaa, ROARS, kilianzishwa mwaka 1972, na marehemu Sultani Qaboos bin Said mwenyewe alikuwa na jina la hewani, A41AA. Fikiria, unapiga hodi usiku, anaitikia mfalme! Jordan ilikuwa hivyohivyo, Mfalme Hussein alikuwa JY1. Nchi ndogo, lakini hewani zilijulikana kila pembe, kwa sababu mwenye nyumba aliitikia mwenyewe.

Karibu zaidi ni Kenya. Kuna mradi wa kimataifa wa vituo 18 vya ishara vilivyotawanywa duniani, na nafasi moja ilipewa Kenya kwa jina 5Z4B, chini ya chama chao, ARSK. Vituo hivyo hupokezana kwenye masafa ya megahezi 14.100 na mengine manne. Kila kimoja kina sekunde 10, kwa hiyo duru nzima ni dakika tatu. Kinataja jina lake kwa Morse kwa wati 100, kisha kinatoa mistari: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Ukisikia mistari yote minne, ujue njia ya kwenda huko iko wazi kama barabara ya lami. Huu ni mchezo unaoweza kuuanza kwa kusikiliza tu, mradi redio yako ya mawimbi mafupi iwe na kitufe cha SSB. Bila kitufe hicho Morse itakuja kama mtu anayepuliza uji wa moto.

Kuna pia mkutano wa skauti hewani, JOTA. Wazo lilitoka kwa Mwingereza Les Mitchell baada ya jamborii ya mwaka 1957, na mkutano wa kwanza ulifanyika mwaka 1958. Siku hizi ni wikiendi ya tatu ya Oktoba. Mtoto asiye na leseni huruhusiwa kuongea mbele ya mwenye leseni. Mwanzilishi wa uskauti, Baden-Powell, amezikwa Nyeri tangu 1941, hapo jirani tu, kwa hiyo hatuwezi kusema jambo hili linatuhusu kwa mbali.

Vilabu vina michezo mingine pia. Upo wa kuficha mtambo mdogo porini, vijana wakautafuta kwa antena za mkononi, anayeufikia kwanza ndiye mshindi. Upo wa kukusanya kadi za QSL, yaani kadi za posta ambazo wawili walioongea hutumiana kuthibitisha. Na kwa wasiopenda kelele, tangu 2017 kuna FT8, mtindo wa kompyuta uliotengenezwa na akina Joe Taylor, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993. Huo husoma ishara dhaifu ambazo sikio halizisikii kabisa, kila zamu sekunde 15.

DODOMA INA NINI

Ukiniuliza mimi, Dodoma imeumbwa kwa mchezo huu. Tuko kama meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nchi iko wazi, miti mirefu ni michache, na mibuyu inatosha kufungia waya. Antena ya bendi ya meta 20 ni waya wenye urefu wa meta 10 hivi, uliokatwa katikati, kila mkono meta 5. Miezi mirefu ya kiangazi haina radi za karibu za kukuchafulia masikio, na usiku vijijini hakuna mashine nyingi za kuleta mikwaruzo.

Halafu kuna setilaiti. Novemba 2018 Qatar ilirusha Es'hail-2, ambayo ndani yake ina kifaa cha watu wa ridhaa kiitwacho QO-100. Imesimama juu ya ikweta, nyuzi 26 mashariki, haiendi popote. Kwa wenzetu wa Ulaya Kaskazini iko chini, karibu na paa za majirani. Kwa mtu wa Dodoma iko karibu na utosi. Dishi lako unalilaza kama sahani inayosubiri wali. Kupitia hiyo, kutoka Brazili hadi Thailand wanakusikia, mchana na usiku, jua likitaka lisitake.

Vikwazo vipo, sitavificha. Mitambo ina bei. Leseni lazima, na hapa kwetu inatolewa na TCRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Lakini mwaka huohuo wa 2003 mkutano wa ITU uliondoa ulazima wa kimataifa wa kufaulu Morse kabla ya kupata leseni ya mawimbi mafupi, na mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mingi ukafunguka. Chama nacho kipo: kwenye orodha ya IARU Tanzania imeandikwa kwa jina la TARC. Na kusikiliza, msomaji mwenzangu, hakuhitaji kitu zaidi ya redio, waya na daftari.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wa Dodoma, wa Singida, wa Kondoa, wa Manyoni, ni hili. Shule yenye maabara ya fizikia ianzishe klabu. Waanze watano. Wajifunze kuunga waya, wajifunze kusikiliza, watafute mwenye leseni awasimamie siku ya JOTA, kisha wakubwa wao wafanye mtihani wapate majina yao wenyewe. Na waandishi chipukizi msikae pembeni, kwa sababu daftari la kituo cha redio ni kitabu kitamu: saa, jina, mahali, na sauti ya mtu usiyemwona ambaye naye hajalala.

Cecil Goyder hakusubiri amalize shule. Oktoba ijayo, saa tisa usiku, wataanza tena kuita kanda ya 37. Safari hii mmoja wetu aitikie, kwa sauti ya Kigogo, ya Kirangi au ya Kinyaturu, vyovyote iwavyo: "Hapa 5H3, Dodoma. Nimekusikia. Karibu."